Jicho jekundu, kichupa kipi? Dawa za maambukizi ya macho kuanzia kaunta ya duka la dawa Mwanza

Ingia duka lolote la dawa Mwanza, la Igoma, la Kirumba au la Nyegezi, useme "naomba dawa ya macho." Muuzaji mwenye haraka atanyoosha mkono rafuni, atatoa kichupa cha mililita 5 au 10, atasema "tone moja asubuhi, mchana na jioni," na mazungumzo yameisha. Muuzaji anayejua kazi yake atakutazama kwanza usoni. Linauma au linawasha? Unaona sawasawa? Lilianza moja au yote mawili? Kuna kitu kilikugonga? Majibu hayo ndiyo yanayoamua, kwa sababu vichupa vile vinavyofanana umbo na rangi vimebeba dawa zisizo na undugu. Kimoja kinaua bakteria. Kingine kinatuliza mzio. Kingine kina steroidi, ambayo haiui kimelea chochote, inazima tu wekundu na uvimbe, na hicho ndicho kinachoweza kukupofusha huku ukikisifia.

Tatizo kubwa si kwamba watu wa mwambao wa ziwa hawana dawa. Wanazo, tena nyingi, na zinanunuliwa kwa bei ya nauli ya bodaboda. Tatizo ni kwamba jicho jekundu lina sababu nyingi, na sababu moja moja ina dawa yake. Moshi wa kubanika sangara unaleta wekundu usio na kimelea hata kimoja. Mtoto anayefikicha macho miezi nenda rudi, yenye rangi ya udongo kwenye weupe, mara nyingi ana mzio, na antibayotiki haitamfanyia lolote. Hao tuwaweke kando. Tubaki na macho yenye maambukizi ya kweli.

Weupe na kioo

Kwanza tenganisha sehemu mbili. Kuna utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho na kugeukia ndani ya kope. Utando huu umejaa mishipa ya damu, ndiyo maana ukichokozwa unakuwa mwekundu upesi, na ndiyo maana pia una uwezo mkubwa wa kujitibu wenyewe. Halafu kuna konea, ile sehemu angavu inayoifunika mboni kama kioo cha saa kinavyofunika mishale. Konea haina mishipa ya damu. Ingekuwa nayo tusingeona vizuri. Inalishwa na machozi kwa mbele na majimaji ya ndani ya jicho kwa nyuma. Uangavu huo una gharama yake: kimelea kikipata upenyo pale, kinga ya mwili inachelewa kufika, na hata kidonda kikipona kinaweza kuacha kovu jeupe mbele ya mboni. Kovu hilo halifutwi na tone lolote.

Kwa hiyo swali la kwanza la mtu mwenye jicho jekundu si "dawa gani?" bali "ni weupe au ni kioo?" Ugonjwa wa utando hukera, huwasha, hutoa machozi au tongotongo, lakini mtu akipangusa jicho anaona kama kawaida. Ugonjwa wa konea huuma kweli, mwanga hauvumiliki, uoni unafifia, na wakati mwingine ukiangalia kwa makini unaona doa la kijivu au jeupe juu ya kile kioo. Anayeumwa namna hiyo hapaswi kuuziwa kichupa. Anapaswa kuelekezwa kliniki ya macho.

Hapo pia ndipo unapoelewa kwa nini jicho hutibiwa kwa matone badala ya vidonge. Amoksilini unayomeza husafiri kwa damu, na damu haipiti kwenye konea. Tone linaiweka dawa juu ya ugonjwa kwa ukali ambao kidonge hakiwezi kuufikia. Udhaifu wake ni kwamba machozi huisafisha ndani ya dakika chache, na kwamba haliendi mbali: halifiki nyuma ya jicho kwa kiasi cha kutosha. Mvuvi aliyechomwa na ndoana ikapenya hadi ndani, kisha usaha ukaanza kujijenga ndani ya jicho, hawezi kuokolewa na matone. Daktari humdunga vankomaisini na seftazidimu ndani ya jicho lenyewe, kila moja kwa ujazo wa sehemu moja ya kumi ya mililita. Hiyo ni dharura ya siku ile ile.

Ugonjwa unaozunguka kambi nzima

Januari 2024 Wizara ya Afya ilitoa tahadhari kuhusu mlipuko wa macho mekundu, na jiji lililotajwa sana lilikuwa Dar es Salaam. Famasi zikajaa. Waliofika walitaka antibayotiki, na wengi waliipata, ingawa wizara ilisema wazi kwamba chanzo ni virusi na ikawakataza watu kujitibu kiholela. Magonjwa ya aina hii si mapya. Mwaka 1969 ulizuka Accra, Ghana, ugonjwa wa macho unaovilisha damu kwenye weupe wa jicho, ukasambaa hadi mabara mengine. Kwa kuwa ulitokea wakati ule ule wanaanga wa Marekani walipotua mwezini, watu wa Afrika Magharibi wakaubatiza Apollo, na wengine wanauita hivyo mpaka leo.

Virusi wa kundi hili, adenovirusi wakiwa ndio wa kawaida zaidi, hawaguswi na kloramfenikoli wala siprofloksasini. Antibayotiki huvizia mitambo ya bakteria: ukuta wake, kiwanda chake cha protini, vimeng'enya vinavyopanga vinasaba vyake. Kirusi hana hata kimoja kati ya hivyo. Anaazima mitambo ya seli zako. Hivyo unaponunua antibayotiki kwa ajili ya macho mekundu ya mlipuko, unanunua silaha ya kumpiga mtu ambaye hayupo.

Lakini mbona watu wanapona? Wanapona kwa sababu ugonjwa huu huisha wenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi mbili au zaidi kidogo. Ukianza matone siku ya nne na macho yakatulia siku ya tisa, kichupa kinajipatia sifa isiyo yake, na mwaka ujao utamshauri shemeji yako anunue kile kile. Kinachosaidia ni kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi, matone ya machozi bandia kama yapo, kunawa mikono kwa sabuni, na taulo ya mtu mmoja. Kambini ambako wavuvi kumi wanalala banda moja, kichupa kimoja kinachopita jicho kwa jicho ni njia nzuri sana ya kuhakikisha wote kumi wanaugua. Ncha yake ikigusa kope za mgonjwa mmoja, imebeba kirusi kwa mwenzake.

Tongotongo zito

Bakteria wana dalili yao: tongotongo la njano au la kijani, zito, linalogandisha kope asubuhi mpaka uzifungue kwa maji ya uvuguvugu. Dalili hii si kipimo kamili, hata madaktari hukosea, ila ndiyo tuliyo nayo kwenye kaunta. Hata hapa habari njema ni kwamba maambukizi mengi ya utando yanayoletwa na bakteria hupona yenyewe ndani ya siku saba hadi kumi. Dawa inafupisha ugonjwa na kupunguza kuwaambukiza wengine. Haimwokoi mtu kutoka kwenye upofu.

Dawa ya kwanza rafuni ni kloramfenikoli, matone ya asilimia 0.5 au mafuta ya asilimia 1. Ilipatikana mwaka 1947 kutoka kwa bakteria wa udongo uliochotwa karibu na Caracas, Venezuela. Inafanya kazi kwa kukizuia kiwanda cha protini cha bakteria. Vidonge vyake viliachwa sehemu nyingi kwa sababu mara chache sana viliua uboho unaotengeneza damu, lakini kiasi kinachoingia mwilini kupitia jicho ni kidogo mno. Jambo moja ambalo wanunuzi hawaulizi: matone ya chapa nyingi yanatakiwa kutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 kabla ya kufunguliwa. Soma boksi. Kama limeandikwa hivyo na kichupa kimetoka kwenye rafu inayopigwa na jua la saa nane mchana, nenda duka jingine.

Tetrasaiklini ya asilimia 1 ni mafuta yanayokaa jichoni muda mrefu kuliko matone, na kwa saa kadhaa yataukungisha uoni, kwa hiyo yanafaa wakati wa kulala na kwa watoto wanaolia mpaka machozi yakafukuza kila tone. Jentamisini ya asilimia 0.3 ina nguvu kwa aina fulani za bakteria, lakini ikitumiwa wiki baada ya wiki yenyewe huanza kuuchubua uso wa konea, na mgonjwa anadhani ugonjwa umerudi kumbe ni dawa.

Kisha kuna familia ya siprofloksasini, ofloksasini na moksifloksasini. Hizi ni kali, zinapenya vizuri, na ndizo nguzo ya kutibu vidonda vya konea vinavyoletwa na bakteria. Katika mgawanyo wa antibayotiki ambao Shirika la Afya Duniani liliuanzisha mwaka 2017, kloramfenikoli, jentamisini na tetrasaiklini zimo kwenye kundi la dawa za kuanzia, siprofloksasini na ndugu zake kwenye kundi la kuangaliwa kwa jicho kali. Maoni yangu ni kwamba kumwuzia mtu siprofloksasini kwa tongotongo la siku mbili ni kuitumia vibaya dawa ambayo kesho itahitajika na mkulima mwenye kidonda. Matone hayaishii jichoni pia. Ule uchungu unaousikia kooni dakika mbili baada ya kuweka kloramfenikoli unatokana na dawa iliyoshuka kupitia mfereji wa machozi hadi puani na kooni, ambako kuna bakteria wengine ambao hukukusudia kuwapiga. Hao nao hujifunza usugu.

Kuna tongotongo la aina moja lisilongoja siku saba. Usaha unaobubujika, ukipangusa unajaa tena muda ule ule, kope zimevimba: hicho kinaweza kuwa kisonono cha jicho. Bakteria wake ana uwezo wa kutoboa konea isiyo na mkwaruzo wowote ndani ya siku moja au mbili. Matone pekee hayatoshi. Mgonjwa anahitaji sindano ya seftriaksoni, jicho lisafishwe mara kwa mara, na mwenzi wake atibiwe.

Mtoto mchanga naye hana muda wa kusubiri. Macho yanayotoa usaha ndani ya siku 28 za kwanza ni safari ya hospitali, hata kama bibi amesema ni baridi na atapona kwa maziwa ya mama. Kisonono huonekana kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya tano, klamidia, ambaye naye ni bakteria wa zinaa, baadaye kidogo, siku ya tano hadi ya kumi na nne. Mwaka 1880 daktari Carl Credé wa Leipzig, Ujerumani, alianza kuwatia watoto tone la naitreti ya fedha wanapozaliwa, na upofu wa aina hii ukapungua sana wodini mwake. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na tetrasaiklini inayopakwa muda mfupi baada ya kujifungua. Mtoto aliyezaliwa nyumbani, au kwenye mtumbwi akiwa njiani kutoka kisiwani, anaikosa. Na akipata klamidia, mafuta ya jichoni hayatoshi kwa sababu vimelea wanaweza kuwa wameshashuka kooni na mapafuni; anahitaji dawa ya kunywa, na wazazi wote wawili watibiwe.

Suke la mpunga

Hapa ndipo watu wanapopoteza macho, na hapa ndipo ningependa msomaji wa Magu, Misungwi au Kwimba akae nami kidogo.

Wakati wa mavuno mtu anainama kukata mpunga, suke au jani linamkwangua jicho. Anafikicha, anaosha na maji ya mfereji wa shamba, anaendelea na kazi. Kesho yake jicho lina machozi. Kwenye mkwaruzo ule huenda kumeingia bakteria, au fangasi wanaoishi kwenye udongo na majani, hasa Fusarium na Aspergillus. Fangasi hana haraka. Anaweza kuchukua siku kadhaa hata wiki kabla ya kujionesha, na kwa kipindi hicho mgonjwa amepita duka la kwanza akapewa jentamisini, duka la pili siprofloksasini, na mjomba akamletea majani ya kukamulia. Antibayotiki haimfanyi kitu fangasi, kwa sababu seli yake haina mitambo ile ya bakteria. Kimaumbile iko karibu zaidi na seli zetu. Majani ya kukamulia huongeza fangasi wengine.

Akifika kliniki, mtaalamu huanza na kipande kidogo cha karatasi chenye rangi ya chungwa. Kinaguswa ndani ya kope, rangi inayeyuka kwenye machozi, na chini ya taa ya bluu sehemu ya konea iliyochubuka inang'aa kijani. Kidonda cha fangasi mara nyingi kina kingo zisizo nyoofu, zenye manyoyamanyoya, pengine na madoa madogo pembeni ya lile kubwa. Lakini macho ya daktari peke yake hayatoshi. Jicho hutiwa ganzi, kidonda hukwanguliwa kidogo, kilichopatikana huwekwa kwenye kioo cha maabara pamoja na potasiamu haidroksaidi, na hadubini huonesha nyuzinyuzi za fangasi kama wapo. Kipimo hiki hakina gharama kubwa, na ndicho kinachotenganisha njia mbili za matibabu ambazo hazikutani.

Kikiwa cha bakteria, matone ya siprofloksasini au ofloksasini huwekwa kila saa, usiku na mchana, kwa saa 48 za kwanza. Kila saa maana yake ni saa saba usiku, saa nane, saa tisa. Ndiyo maana wagonjwa hawa hulazwa. Si kwa sababu ya uzito wa dawa bali kwa sababu hakuna nyumba inayoweza kuamka namna hiyo siku mbili mfululizo.

Kikiwa cha fangasi, dawa ni natamaisini ya asilimia 5. Iligunduliwa mwaka 1955 kutoka kwa bakteria wa udongo wa Natal, Afrika Kusini, na wazungu huitumia pia kuzuia ukungu kwenye jibini, jambo ambalo sikulitarajia nilipolisoma mara ya kwanza. Ni maji meupe mazito ambayo lazima yatikiswe kabla ya kuwekwa, na jichoni huacha masalia meupe juu ya kidonda. Inajishika kwenye egosteroli, mafuta yaliyoko kwenye ganda la seli ya fangasi lakini hayapo kwenye seli ya binadamu. Haipenyi sana, kwa hiyo kidonda kilichozama ni kigumu kukifikia, na matibabu huchukua wiki nyingi. Wengi walidhani vorikonazoli, dawa mpya na ya bei kubwa, ingeipita. Utafiti uliofanyika India na kuchapishwa mwaka 2013 ulizilinganisha uso kwa uso, na ile ya zamani ikashinda, hasa dhidi ya Fusarium. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likaiingiza natamaisini kwenye orodha ya dawa muhimu. Kuwa kwenye orodha ni jambo moja, kuwa rafuni ni jingine. Usitarajie kuikuta duka la mtaani.

Nitaje kwa kifupi na wanaovaa lenzi za rangi kwa ajili ya harusi. Lenzi iliyosafishwa kwa maji ya bomba au kulala nayo usiku huleta bakteria aitwaye Pseudomonas, anayekula konea kwa siku chache, na wakati mwingine ameba wa majini ambaye matibabu yake ni ya miezi. Lenzi na maji ya ziwa haviendani.

Herpesi na mkanda wa jeshi

Kirusi mmoja wa macho ana dawa ya kweli. Herpesi, yule yule anayeleta malengelenge mdomoni baada ya homa, anaweza kuchora kidonda chenye matawi juu ya konea. Asaiklovia ya mafuta ya asilimia 3, mara tano kwa siku, inamzuia. Ujanja wake ni kwamba dawa huingia jichoni ikiwa imelala, na kinachoiamsha ni kimeng'enya cha kirusi chenyewe. Seli nzima zisizo na kirusi haziguswi. Gertrude Elion, ambaye timu yake iliitengeneza, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988 pamoja na wenzake wawili kwa kazi ya namna hii. Adenovirusi hana kimeng'enya hicho, ndiyo maana asaiklovia haisaidii macho mekundu ya mlipuko.

Mkanda wa jeshi ukitokea upande mmoja wa paji la uso na ncha ya pua, jicho la upande huo liko hatarini. Mafuta hayatoshi, mgonjwa hupewa vidonge vya asaiklovia, miligramu 800 mara tano kwa siku kwa siku saba hadi kumi, na vinafanya kazi vizuri zaidi vikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke. Kwa kijana, mkanda wa jeshi ni sababu ya kupima VVU, na kwenye mialo yetu hilo si jambo la kunong'ona.

Kichupa kinachopendwa kuliko vyote

Sasa ile steroidi. Soma boksi: ukiona dexamethasone, betamethasone, prednisolone au hydrocortisone, umeshika steroidi, hata kama kwa maandishi makubwa imetajwa jentamisini au kloramfenikoli. Majina ya chapa za mchanganyiko huu mara nyingi yana "dex" au herufi D mwishoni. Wateja wanavipenda. Ndani ya siku moja jicho linakuwa jeupe, maumivu yanatulia, na muuzaji anaonekana bingwa.

Kinachotokea ni kwamba steroidi imeituliza kinga ya mwili. Kama chini yake kuna herpesi, kirusi anatambaa bila kizuizi na kile kidonda chenye matawi kinakuwa bonde. Kama kuna fangasi, anazama ndani ya konea huku jicho likionekana limepona. Mgonjwa anarudi kununua kingine kwa sababu kila akiacha wekundu unarudi. Na hata pasipo kimelea, mtoto mwenye mzio anayewekewa matone haya miezi mingi anaweza kupata presha ya macho au mtoto wa jicho akiwa bado yuko shule ya msingi. Madaktari wa macho huzitumia steroidi kila siku, na kuna magonjwa yasiyotibika bila hizo, lakini wanazitumia wakiwa wameshaitazama konea kwa taa na wanapima presha ya jicho njiani. Duka halina taa hiyo. Kama ningeruhusiwa kuondoa kichupa kimoja tu kwenye mauzo ya bila cheti cha daktari, ningeondoa hiki, na antibayotiki ningezirudia baadaye.

Dawa kwa kijiji kizima

Trakoma, au vikope, inatibiwa kinyume cha yote niliyosema: badala ya kumchunguza mtu mmoja mmoja, unampa dawa kila mtu. Tanzania inaijua zaidi kwenye nyanda kame kama Kongwa mkoani Dodoma. Klamidia wanaoisababisha, wa aina tofauti na wale wa zinaa, huhamishwa kwa vidole, vitambaa na nzi wanaotafuta nyuso chafu za watoto, na maambukizi yakirudiwa mara nyingi kope hugeukia ndani, nywele zikakwaruza konea. Azithromaisini ya kumeza mara moja, hadi gramu moja kwa mtu mzima, imechukua nafasi ya tetrasaiklini iliyopaswa kupakwa wiki sita na ambayo karibu hakuna aliyeimaliza. Kampuni ya Pfizer imekuwa ikiitoa bure kwa programu hizi tangu miaka ya mwisho ya 1990, na Ghana mwaka 2018 ilikuwa ya kwanza kusini mwa Sahara kuthibitishwa kuitokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii. Dawa ilienda pamoja na maji ya kunawa uso, vyoo na upasuaji wa kope. Bila hivyo ugonjwa hurudi.

Tone moja latosha

Nafasi kati ya kope la chini na jicho haibebi zaidi ya mikrolita 30 hivi, na tone moja la kichupa ni mikrolita 30 hadi 50. Tone la pili linamwagikia shavuni. Nawa mikono, vuta kope la chini, dondosha bila ncha kugusa chochote, funga jicho taratibu na ubonyeze kona ya karibu na pua kwa dakika moja au mbili ili dawa isikimbilie kooni. Kama una dawa mbili, ziachanishe dakika tano. Mafuta yaje mwisho. Andika tarehe ya kufungua kwenye kichupa kwa kalamu, na siku 28 zikipita kitupe hata kama kimejaa nusu.

Saa 18

Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025 limemwondolea mgonjwa wa Sengerema foleni ya kivuko anapokimbilia hospitali za Mwanza, Bugando au Sekou Toure. Wa Ukerewe na Kome bado anahesabu ratiba ya chombo. Kwa mtu kama huyo, utafiti mmoja wa Bhaktapur, Nepal, uliochapishwa mwaka 2001 una uzito kuliko dawa mpya yoyote. Wahudumu wa vijijini walifundishwa kutambua mkwaruzo wa konea na kupaka mafuta ya kloramfenikoli ya asilimia 1 mara tatu kwa siku kwa siku tatu. Wagonjwa 284 waliowahi ndani ya saa 18 baada ya kuumia, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Kati ya 109 waliofika kati ya saa 18 na 24, wanne walipata. Kati ya 49 waliochelewa hadi siku ya pili, walipata 14.

Ni ile ile tyubu ya bei ndogo inayopatikana zahanati. Mkwaruzo mdogo hujifunga ndani ya siku moja au mbili, na dawa inalinda mlango wakati unafungwa. Kwa hiyo mkulima aliyekwanguliwa asubuhi aoshe jicho kwa maji safi, asilifunge kwa kitambaa, asitie majani wala matone ya jirani, na jioni ile ile awe zahanati. Siku ya pili maumivu yakiwa yamezidi, au doa jeupe limetokea kwenye kioo, apande chombo cha kwanza kwenda Mwanza na aende na tyubu hiyo mkononi, daktari aone alichokwisha kupewa.